Askari Aliyeifundisha Mashine Kuchora

Imekuwa desturi katika nchi nyingi, na yetu ikiwamo, kumgawa kijana vipande viwili kabla hajaota ndevu. Akionyesha wepesi katika hesabu hupelekwa upande wa sayansi, na daftari lake la michoro huishia jikoni kuwashia moto. Akionyesha mkono mwepesi wa kuchora, huambiwa kwamba hesabu si fungu lake, akaandike vibao vya maduka. Jambo hili twaliona hata miongoni mwenu, ndugu wapiganaji na askari polisi. Katika kila kambi yuko mmoja anayejulikana kwa kuchora. Huyo huitwa mlango wa ofisi unapotakiwa kuandikwa jina la mkuu mpya, au nembo ya kikosi inapohitaji kupakwa rangi kabla mgeni hajafika. Kazi ikiisha hurudi lindoni, wala hapana anayeuliza mkono ule ungaliweza kufanya nini zaidi.

Sisi tunaipinga desturi hiyo. Hatuipingi kwa maneno ya kusifu sanaa, maana maneno ya namna hiyo yamekwisha kuwa mengi na hayajamsaidia mtu. Tunataka kumweka mbele yenu mtu mmoja aliyekuwa askari kama ninyi, akawa mchoraji, kisha profesa, kisha mtu wa kompyuta, kisha mwenye kampuni, na katika yote hayo asikubali kuacha kimoja kwa ajili ya kingine. Jina lake ni Charles Csuri, Mmarekani, mtoto wa wahamiaji waliotoka Hungaria. Alizaliwa tarehe 4 Julai 1922 huko Grant Town katika jimbo la West Virginia, akafariki tarehe 27 Februari 2022, akiwa na umri wa miaka 99.

Kabla ya kumfikia, hapana budi kusema neno juu ya mashine yenyewe, kwa kuwa wengi hudhani kompyuta ilizaliwa katika ofisi za makarani. Kwa sehemu kubwa ilizaliwa jeshini. Ile mashine kubwa iliyoitwa ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani mjini Philadelphia mwaka 1946, ililipiwa na Jeshi la Marekani ili ikokotoe majedwali ya mizinga. Mpiga mzinga alitaka kujua kombora litokalo kwa mwinuko fulani, kwa baruti ya kiasi fulani na katika upepo fulani, litaanguka wapi. Majedwali hayo yalikuwa yakitengenezwa kwa mikono na wanawake wengi wenye elimu ya hesabu, kwa muda mrefu kuliko vita vinavyoweza kungoja. Hiyo ndiyo haja iliyoileta mashine.

Mwaka 1963 jarida moja la Marekani lililoitwa Computers and Automation lilitangaza shindano la michoro iliyofanywa na kompyuta. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa maabara ya jeshi ya utafiti wa mizinga iliyokuwa Aberdeen, katika jimbo la Maryland. Wataalamu wale hawakuwa wamekaa kuchora. Walikuwa wakihesabu jinsi lenzi ya kamera inavyopotosha picha, na mashine ya kuchorea ilipoyaweka matokeo yao katika karatasi likatokea jambo la kupendeza macho, kama matone ya rangi yaliyorushwa ukutani. Mwaka uliofuata maabara ile ile ikaleta mchoro wa njia za risasi inayodunda huku na huku. Nani kati yenu hajui risasi inayodunda? Lakini ni wangapi wamewahi kufikiri kwamba njia yake, ikichorwa, yaweza kutundikwa ukutani na kutazamwa?

Basi mashine ilikuwa imekwisha kuchora, tena kwa gharama ya jeshi. Kilichokosekana ni mtu anayejua mstari ni wa kazi gani, na ambaye pia haogopi hesabu. Mtu huyo alikuwa amekwisha kupita jeshini miaka ishirini kabla.

Csuri alikulia Cleveland, mji wa viwanda katika jimbo la Ohio, akajiunga na Chuo Kikuu cha Ohio State kusomea sanaa. Watu hawakumjua kwa sanaa kwanza. Walimjua kwa mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa kofia ngumu na kugongana mabega. Mwaka 1942 timu ya chuo hicho ilikuwa bingwa wa taifa, naye akahesabiwa kuwa mchezaji wake bora na kuingizwa katika orodha ya wachezaji teule wa nchi nzima. Timu ya kulipwa ya Chicago Cardinals ilimtaka, lakini hakwenda. Aliingia jeshini mwaka 1943, na jeshi, badala ya kumpeleka moja kwa moja mstari wa mbele, likampeleka darasani, katika Chuo cha Uhandisi cha Newark. Huko alifundishwa aljebra, trigonometria, jiometri na hesabu za juu zaidi, fizikia, kemia, na uchoraji wa kihandisi.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Hakuna ofisa aliyekaa mezani akapanga kwamba mwanafunzi huyu wa sanaa apewe hesabu ili siku moja aje aunganishe mambo mawili. Jeshi lilikuwa na haja ya watu wanaojua hesabu, likawafundisha waliokuwapo. Walakini kilichoingia kichwani hakikurudishwa ghalani pamoja na bunduki na viatu siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Kila mafunzo apewayo askari, ya redio, ya ramani, ya umeme, ya huduma ya kwanza, ni mali yake. Wengi wenu mmejifunza kusoma ramani kwa kiwango ambacho mwanafunzi wa chuo hana. Mnayajua mistari ya mwinuko, mnajua kupima pembe kwa dira, mnajua kuiona milima iliyo mbele yenu kwa kutazama karatasi. Hiyo ni jiometri, ijapokuwa hamkuambiwa jina lake.

Tarehe 16 Desemba 1944 majeshi ya Ujerumani yalishambulia kwa ghafla katika msitu wa Ardennes, mpakani mwa Ubelgiji na Luksemburgi, katika theluji na ukungu. Mapigano yale yaliendelea hadi mwishoni mwa Januari 1945, na Wamarekani wapatao 19,000 waliuawa. Csuri alikuwa huko, kijana wa miaka 22, akatunukiwa Nishani ya Nyota ya Shaba kwa ushujaa. Hatutatia chumvi juu ya jambo hilo. Walio vitani wanajua nishani ina uzito gani, na wanajua pia ni wangapi waliostahili wasipate. Mtakumbuka neno hili tutakapofika kwenye kazi yake ya mwaka 1967.

Baada ya vita alirudi chuoni, akamaliza shahada ya pili ya sanaa mwaka 1948, akabaki kuwa mwalimu. Alichora kwa rangi za mafuta na kuonyesha kazi zake New York. Rafiki yake mmoja wa chuo, Roy Lichtenstein, baadaye alipata umaarufu mkubwa kwa kuchora picha zilizofanana na vikatuni vya magazetini. Njia ya Csuri nayo ilikuwa wazi mbele yake: kuchora, kuuza, kufundisha, kuzeeka. Lakini mwaka 1964 aliona, katika chapisho la idara ya uhandisi wa umeme ya chuo chake mwenyewe, picha ya uso wa mtu iliyotolewa na kompyuta. Mwalimu mwingine wa sanaa angaliifunua kurasa na kupita. Yeye akaenda kujifunza kutunga programu.

Yafaa kueleza kazi ile ilikuwaje, kwa sababu kijana wa leo mwenye simu mfukoni hawezi kuikisia. Mashine ya chuo ilikuwa IBM 7094, iliyojaza chumba na kugharimu mamilioni ya dola. Csuri hakuwa na skrini ya kutazama wala kalamu ya kugusia kioo. Alichora kwa mkono kwanza, kisha kila pembe ya mchoro ikageuzwa kuwa tarakimu mbili, moja ya kwenda kando na moja ya kwenda juu, kama vile ninyi mnavyotaja mahali katika ramani kwa namba. Tarakimu zile zilitobolewa katika kadi. Programu nayo ikazisoma na kuzibadili kwa kanuni aliyoitaka, na matokeo yakatoka katika kadi nyingine, zilizoiamuru mashine ya kuchorea. Mashine hiyo ilikuwa na ngoma iliyoviringishiwa karatasi. Ngoma huzunguka mbele na nyuma, kalamu hutembea kushoto na kulia, na amri ni chache: inua kalamu, sogea, shusha kalamu, chora, simama. Mchoraji hangojei kuona kitu mpaka yote yamekwisha. Akikosea tarakimu moja, pua ya mtu huota sikioni.

Hakufanya hayo peke yake. Alishirikiana na mtunga programu aitwaye James Shaffer, na hili si jambo dogo. Csuri hakusema kwamba kwa kuwa yeye ni profesa wa sanaa basi mwenzake ni fundi wa kutumwa. Majina yao yalitajwa pamoja. Mwaka 1967 waliuchukua mchoro wa uso wa mwanamume, wakaacha vipimo vya kando kama vilivyo, na vipimo vya kwenda juu wakaviongezea mkunjo wa sini, yaani ule mstari wa hesabu unaopanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa. Uso ukatoka kama unaotazamwa chini ya maji yaliyotikiswa. Ni mzee aliyekunjamana, naye ni hesabu tupu. Kazi hiyo, iliyoitwa Sine Curve Man, ilipata zawadi ya kwanza katika shindano lile lile ambalo maabara ya mizinga ilishinda miaka minne kabla.

Mwaka huo huo walitengeneza filamu ya ndege mdogo anyonyaye maua, Hummingbird. Kompyuta ilitoa picha zaidi ya 30,000 za mistari, na ndege yule akapaa, akavunjika vipande, akajikusanya tena. Mwaka 1968 Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York liliinunua na kuiweka katika hazina yake ya kudumu. Katuni za kompyuta zilizojaa katika televisheni leo zina mizizi yake katika kazi kama hizo.

Lakini kazi ambayo sisi tunaona inawahusu zaidi ninyi wenye sare ni nyingine ya mwaka 1967, Random War, maana yake vita vya kubahatisha. Csuri alichora askari mmoja tu, wa namna ya wale askari wa plastiki ambao watoto huchezea. Kisha programu ikawatawanya askari 400 katika uwanja wa mapigano, upande mmoja ukiitwa Wekundu na mwingine Weusi. Kila askari alipewa jina la mtu halisi, na mashine ikampa cheo na namba ya jeshi. Halafu, kwa kutumia namba za bahati nasibu, mashine ikaamua yote yaliyobaki: nani amekufa, nani amejeruhiwa, nani hajulikani alipo, nani amesalimika. Ikatoa shujaa mmoja kwa kila upande. Ikatoa nishani za ushujaa, nishani za mwenendo mwema, hata nishani za ufanisi kazini. Orodha za majina zimepangwa vizuri juu ya mchoro, kama zinavyopangwa katika ofisi yoyote ya masijala ya jeshi.

Mtu ambaye hakuwahi kuvaa sare aweza kuitazama kazi hii akasema ni mchezo wa kompyuta. Aliyepigana huitazama kwa namna nyingine. Anamjua mwenzake aliyeinama kufunga kamba ya kiatu, na kombora likampita aliyesimama mahali pake. Anajua barua iliyokwenda kwa familia ikisema maneno yale yale iliyosema kwa familia nyingine. Csuri alikuwa amerudi kutoka Ardennes na Nyota ya Shaba, naye akaitengeneza mashine inayogawa nyota bila kumjua mtu. Hakuandika hotuba ya kulaani vita wala ya kuvisifu. Aliiacha mashine ifanye kazi yake, akatupa matokeo tuyasome.

Hapa ndipo ilipo sababu yetu ya kuandika. Leo majeshi ya nchi kadhaa hutumia programu za kompyuta kuchambua picha zipigwazo kutoka angani na kupendekeza shabaha. Polisi wa miji kadhaa wamejaribu programu zinazobashiri mahali uhalifu utakapotokea, na wale wa Los Angeles, waliokuwa miongoni mwa wa kwanza, waliiacha programu waliyokuwa wakiitumia mwaka 2020. Ofisa atakayeletewa karatasi yenye orodha iliyotolewa na mashine atajuaje iwapo orodha ile ni hesabu ya kweli au ni kubahatisha kulikovikwa nguo safi? Karatasi zote mbili zitakuwa na safu zilizonyooka, namba za utumishi na herufi nzuri. Mpangilio mzuri wa karatasi una nguvu ya kumfanya mtu aamini. Hilo analijua mchoraji. Namba zimetoka wapi, analijua mtu wa hesabu. Gharama yake ni nini, analijua aliyekuwa vitani. Random War ilitoka kwa mtu mmoja mwenye elimu zote tatu, na ndiyo maana zaidi ya nusu karne imepita na bado inasema nasi. Twaona kwamba kuwatenga watu wa hesabu chumba kimoja na watu wa kuchora chumba kingine si hasara ya wachoraji peke yao. Ni hatari kwa yeyote atakayepaswa kutii orodha.

Wachoraji wengi wa miaka ile walimtazama vibaya kila mwenzao aliyeikaribia kompyuta. Marekani ilikuwa vitani Vietnam, na kompyuta kwa macho ya watu ilikuwa chombo cha majenerali na makampuni makubwa. Twawaelewa, ila hatukubaliani nao. Chombo hakipati tabia njema kwa kususiwa na watu wema.

Csuri aliendelea kwa njia ambayo sisi twaiona kuwa ya busara ya mwanajeshi: alitafuta posho na vifaa kabla ya kusonga mbele. Aliiandikia Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, yeye mwalimu wa sanaa, akaomba ruzuku ya utafiti wa michoro ya kompyuta, akapewa. Baadaye Jeshi la Maji na Jeshi la Anga nayo yalimpa fedha, na misaada ya namna hiyo ikadumu zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1971 aliunda chuoni kikundi cha utafiti wa michoro ya kompyuta. Alikuwa profesa wa sanaa na elimu ya sanaa, na papo hapo profesa wa sayansi ya kompyuta. Katika kikundi chake mwanafunzi wa uchoraji alikaa benchi moja na mwanafunzi wa hesabu, na kila mmoja alilazimika kuisema kazi yake kwa lugha ambayo jirani angeielewa. Huenda hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya, maana vyuo vikuu, kama majeshi, vina mipaka ya vikosi na kila mkuu hulinda mpaka wake.

Mwaka 1981 akaingia biashara. Kwa fedha za mwekezaji, ilianzishwa mjini Columbus kampuni iliyoitwa Cranston/Csuri Productions, ya kutengeneza picha tembezi za kompyuta kwa ajili ya televisheni na matangazo. Yale maandishi ya kung'aa yanayoruka na kuzunguka kabla ya taarifa ya habari au mchezo kuanza, ambayo miaka ile yaliwashangaza watazamaji, ndiyo iliyokuwa kazi yao. Kampuni ilipata wateja wengi, ikafanya mamia ya kazi, na mwaka 1987 ikafungwa.

Hatulifichi hilo, kwa sababu wapo wanaohubiri biashara kwa vijana kana kwamba ni ngazi ya kupandia tu. Mashine za wakati ule zilinunuliwa kwa mikopo mikubwa, na kabla deni halijalipwa ilitokea mashine nyingine yenye nguvu zaidi kwa bei ndogo. Mshindani aliyekuja nyuma, asiye na deni, akafanya kazi ile ile kwa malipo madogo. Waliopatwa na hayo si Columbus peke yake. Kampuni ya Omnibus ya Kanada ilinunua kampuni mbili kubwa za California mwaka 1986, na mwaka 1987 zote zikaanguka pamoja. Aliyenunua bodaboda kwa mkopo wiki moja kabla bei haijashuka anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa uchumi.

Lakini tazameni kilichotokea mwaka huo huo wa 1987. Kampuni ilikufa, na pale chuoni kikundi cha utafiti kikakuzwa kuwa kituo cha kompyuta kwa ajili ya sanaa na usanifu, Csuri akiwa mkurugenzi wake. Kituo hicho hujulikana kwa kifupi ACCAD. Mtu aliyekuwa na mguu mmoja tu angalianguka. Yeye alihamisha uzito wake kwenye mguu wa pili. Ujuzi uliopatikana katika kuwatumikia wateja ulirudi darasani, na wanafunzi wakautawanya. Chris Wedge, aliyesomea shahada yake ya pili ya michoro ya kompyuta katika chuo hicho, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Blue Sky mwaka 1987 hiyo hiyo, nayo ndiyo iliyotengeneza Ice Age ya mwaka 2002, filamu ya tembo mwenye manyoya na kichakuro anayefukuza tunda lake, ambayo baadhi yenu mmeitazama na watoto wenu. Blue Sky nayo ilifungwa mwaka 2021. Kampuni huzaliwa na kufa. Kwa hiyo twamshauri anayetaka kuingia biashara ya namna hii asiikabidhi elimu yake yote kwa kampuni.

Csuri alistaafu ualimu mwaka 1990, kisha akaendelea kutunga programu na kuchora nyumbani kwa miaka mingi.

Tumesikia wengine wakisema, na twajua watasema tena, kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Askari wa zamu usiku ana haja gani na mkunjo wa sini? Tutamjibu kwanza askari polisi. Mwaka 1970 polisi wa Uingereza walianza kutumia mfumo wa Photofit, wa kuunganisha vipande vya picha, macho ya huyu, pua ya yule, kidevu cha mwingine, ili shahidi aoneshe sura ya mhalifu. Ulionekana wa kisayansi, lakini sura nyingi zilizotoka hazikufanana na waliotafutwa, kwa kuwa mtu hakumbuki uso kwa vipande. Huukumbuka mzima. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling huko Scotland walitengeneza mfumo mwingine, EvoFIT, ambao humwonyesha shahidi nyuso nzima nyingi. Shahidi huchagua zinazokaribia, na kompyuta huzichanganya kuzaa nyuso mpya, mara kwa mara, mpaka sura inayofanana itokee. Huko nako utafiti wa chuoni ulizaa kampuni. Kugeuza uso kuwa tarakimu na kuukunja kwa hesabu ndiko alikokufanya Csuri mwaka 1967, ila hawa walikwenda upande wa pili, kutoka katika tarakimu kuelekea uso wa mtu wa kukamatwa.

Na trafiki aliyeinama barabarani na utepe wake wa kupimia, akichora mchoro wa ajali, magurudumu yaliburuta wapi, gari lilisimama wapi, maiti ililala wapi, huyo ni mchoraji na mtu wa vipimo kwa wakati mmoja, ijapokuwa hapana aliyempa cheo hicho. Mchoro wake ukiwa mbaya, hakimu hawezi kuona, na mwenye haki hukosa haki yake.

Hapa Uganda mwanzo tunao. Shule ya sanaa ya Makerere, ambayo Margaret Trowell aliianza mwaka 1937, leo imo ndani ya koleji moja na uhandisi, jambo ambalo vyuo vingi vya nchi kubwa havijalifanya. Kompyuta, hata hivyo, imo katika koleji nyingine. Twasema ukuta ule ungefunguliwa mlango, na kupitia mlango huo waingizwe pia askari na polisi wachache kwa masomo ya miezi michache, wale ambao makamanda wao wanajua wazi kwamba wana mkono wa kuchora. Kwa askari wa vyeo vya chini jambo hili si la anasa. Wengi hustaafu wakiwa bado na nguvu, watoto wakiwa shuleni, na kiinua mgongo hakikai. Aliyejifunza kuchora kwa kompyuta ana kazi ya kufanya mezani hata goti likiwa limeharibika.

Tena soko lenyewe hatulitafuti mbali. Nendeni Nasser Road, Kampala. Katika maduka yale yaliyobanana wamo vijana ambao mchana kutwa hupanga herufi, hukata picha, huchanganya rangi katika kompyuta na kuchapa mabango, kadi za harusi, vitabu vya risiti na kalenda. Wengi hawakusomea jambo hilo popote, ila wameunganisha kompyuta, sanaa na biashara kwa kutafuta chakula. Twajua pia, na polisi wanajua zaidi yetu, kwamba mtaa huo umekuwa na sifa ya vyeti vya kughushi, na misako imefanyika humo si mara moja. Lakini baada ya msako, mtu atakayeketi mbele ya vyeti viwili, cha kweli na cha uongo, na kusema kwa uhakika kwamba herufi za hiki ni za umbo jingine, kwamba nembo hii imenakiliwa kutoka picha ndogo ikakuzwa ndiyo maana kingo zake zimemeguka, kwamba mistari hii midogo ya usalama imechapwa kwa vidoti ilhali ya kweli huchapwa mfululizo, mtu huyo hapatikani kwa kumwagiza tu afungue macho. Ni lazima awe amekaa upande ule wa meza, amezipanga herufi kwa mikono yake na kuziona zikitoka katika mashine. Pengine yumo kambini sasa hivi na mkebe wa rangi, akiandika jina la mkuu mpya mlangoni.